Mwombaji kazi mwenye historia ya unyanyasaji: jinsi ya kuamua bila kubahatisha

Shule ya bweni Tukuyu inatafuta patroni. Kiwanda cha mbao Mafinga kinatafuta msimamizi wa zamu. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa Mbozi kinatafuta meneja. Vyeti vya mwombaji vimetimia, usaili umeenda vizuri, kisha mjumbe mmoja wa kamati anauliza kwa sauti ya chini: huyu si ndiye yule aliyeondolewa kule kwa kuwasumbua watu?

Hapo kamati nyingi huharibu kazi kwa moja ya njia mbili. Nyingine humkata mtu papo hapo kwa maneno ya sokoni, nyingine hufunika jambo kwa kuwa mwombaji ni ndugu wa mtu au kwa kuwa "sote tuna mapungufu". Mwongozo huu ni kwa ajili ya wenye kamati ndogo, zile ambazo hazina idara ya utumishi wala mwanasheria wa kudumu. Msimamo wake ni kwamba kosa la zamani limzuie mtu kupata aina ile ya mamlaka aliyoitumia vibaya. Lisimzuie kupata riziki kwa jumla, isipokuwa pale ambapo mamlaka hayo hayatenganishiki na kazi yenyewe.

Anza na nafasi kabla ya kusoma majina

Kabla tangazo halijatoka, andika kwenye karatasi moja: nani watakuwa chini ya mtu huyu, ana nini mkononi kinachoweza kumnyima mtu riziki yake (alama za mtihani, zamu, posho, mkataba mpya), ni saa zipi na mahali gani atabaki na mtu mwingine wawili tu, na malalamiko dhidi yake yatapelekwa kwa nani. Karatasi hii ndiyo mtakayoirudia baadaye, kwa hiyo iandikwe wakati hakuna anayemtetea wala kumchukia mtu yeyote.

Msidanganywe na ukubwa wa cheo. Kwenye mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe mchumaji hulipwa kwa kilo. Karani wa mizani ana mshahara mdogo na hana ofisi, lakini ndiye anayesoma mizani na ndiye anayeandika. Akikata kilo mbili kwa madai kwamba majani yana maji au yamekomaa mno, mama aliyeanza kuchuma alfajiri hana pa kuthibitisha. Akimwambia "tuonane jioni tuyamalize", mama huyo anajua maana yake. Aliyewahi kuadhibiwa kwa kuwasumbua wanawake kazini asipewe nafasi hiyo, hata kama ndiye mwenye hesabu nzuri kuliko wote. Mtu huyohuyo akiomba kuwa fundi wa mitambo kiwandani, akiwa na mkuu juu yake na bila mtu chini yake, kuna la kuzungumza.

Jueni kosa lilikuwa nini hasa

Neno "unyanyasaji" linabeba mambo yasiyolingana. Bosi aliyekuwa akiwafokea watu mbele ya wateja, mhadhiri aliyedai ngono ili apandishe alama, na kijana aliyesambaza picha za mpenzi wake wa zamani, wote huitwa wanyanyasaji. Mpaka mjue kitendo chenyewe, hamna cha kupima.

Sheria za Tanzania zinasaidia kupanga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi unaotokana na jinsi yake, kabila lake, dini yake, ulemavu wake na misingi mingine iliyotajwa kuwa ni ubaguzi. Unyanyasaji wa kijinsia uliingizwa kwenye Kanuni ya Adhabu na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya 2007, na linashughulikiwa na TAKUKURU. Kumtisha au kumsumbua mtu kwa meseji na mitandao kumo katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Ukali wa bosi usiogusa lolote kati ya hayo unaweza usiwe jinai, ila bado ni kosa la nidhamu kazini.

Kisha tenganisheni mnachokijua kwa uhakika wake. Hukumu ya mahakama, uamuzi wa kikao cha nidhamu uliofuata utaratibu, au kukiri kwa mwombaji mwenyewe ni jambo lililothibitika. Malalamiko ya mtu anayejulikana ambayo hayakuwahi kusikilizwa ni madai: yanatosha kuuliza maswali, hayatoshi kumkata mtu. Maneno ya kwenye kikoba, kwenye daladala ya Uyole au kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja ni uvumi. Uvumi usiandikwe kwenye faili. Ukiuandika tu, mwaka ujao mtu mwingine atausoma kama ushahidi.

Ya utotoni yaacheni utotoni

Kanda hii ya Nyanda za Juu Kusini imejaa shule za bweni, na mtu mzima anayeishi hapa huenda alionewa akiwa njuka, yaani mwanafunzi mgeni, au yeye aliwaonea manjuka: kuwafulisha nguo, kuwanyang'anya sukari, kuwapigisha magoti usiku. Aliyefanya hayo akiwa na miaka 15 kwenye bweni lisilo na usimamizi hapaswi kuulizwa anapoomba kazi akiwa na miaka 30. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022 inaziweka taarifa za watoto, pamoja na taarifa za makosa ya jinai, katika kundi la taarifa nyeti. Swali lenyewe la "ulikuwaje shuleni" liondoeni kwenye fomu.

Watu hupenda kuukunja mstari huu kwa kumwita mtu mzima "kijana tu". Oktoba 2016 video ya wanafunzi wa ualimu waliokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, wakimpiga mwanafunzi katika shule moja ya sekondari jijini Mbeya, ilisambaa nchi nzima, na wahusika wakafukuzwa masomo. Waliopiga walikuwa watu wazima, nao walikuwa wamekabidhiwa mamlaka juu ya aliyepigwa. Tendo la aina hiyo halihesabiwi kuwa utundu wa shule. Hata hivyo, mtu mwenye rekodi kama hiyo akija miaka kumi baadaye kuomba uhasibu kwenye kampuni ya mbao, mkirudi kwenye karatasi yenu mtaona hakuna mtoto popote kwenye nafasi hiyo. Akiomba kufundisha, jibu linabadilika.

Swali kwenye fomu

Swali pana halimkamati mtu. "Je, umewahi kugombana na mtu kazini?" litajibiwa "hapana" na kila mmoja. Andikeni hivi:

"Je, tangu ulipofikisha miaka 18, na ndani ya miaka saba iliyopita, umewahi kuhukumiwa na mahakama, kuachishwa kazi, kufukuzwa chuo, kupewa onyo la maandishi, au kuondoka kazini wakati uchunguzi dhidi yako ukiendelea, kwa tuhuma za kumpiga, kumtishia, kumdhalilisha au kumsumbua mtu kijinsia? Ndiyo / Hapana. Kama ndiyo, eleza kwa mistari mitano. Jibu la ndiyo halimaanishi kwamba umekosa kazi."

Kwa nafasi za kulea au kufundisha watoto, futeni kikomo cha miaka saba. Maneno "kuondoka kazini wakati uchunguzi ukiendelea" msiyaache, maana wengi huandika barua ya kuacha kazi siku moja kabla ya kikao cha nidhamu, na rekodi yao inabaki safi. Chini ya swali wekeni tamko la kusaini kwamba majibu ni ya kweli na kwamba uongo unaweza kusababisha kuachishwa kazi, halafu mstari wa pili wa kuwaruhusu kuwasiliana na waajiri waliopita. Bila saini hiyo ya ruhusa, msipige simu.

Simu kwa mwajiri wa zamani

Cheti cha utumishi ambacho mwajiri analazimika kukitoa mtu anapoondoka hakiwaambii alivyoishi na wenzake. Barua za wadhamini nazo mara nyingi huandikwa na marafiki. Simu ya dakika kumi inafaa kuliko vyote hivyo, ikipigwa vizuri.

Pigeni kwa namba ya ofisi mliyoitafuta wenyewe, si ile iliyoandikwa kwenye wasifu. Namba ya wasifu inaweza kupokelewa na shemeji. Mwombeni aliyekuwa mkuu wake wa moja kwa moja. Tambulisheni mnakopigia na mseme kwamba mwombaji ameruhusu kwa maandishi. Mazungumzo yaende taratibu:

"Shikamoo mwalimu. Tunaye mwombaji aliyewahi kufanya kazi kwenu, naye ametupa ruhusa tuwaulize. Aliondoka lini, na kwa sababu gani iliyoandikwa? Kuna lalamiko lolote la maandishi lililowahi kuletwa dhidi yake kuhusu anavyowatendea wenzake au wanafunzi? Liliishaje? Mngekuwa na nafasi leo, mngemchukua tena, na mngempa usimamizi wa watu?"

Swali la mwisho ndilo lenye uzito. Anayejibu "kazi yake alikuwa anaijua" baada ya kuulizwa kama angempa watu, ameshajibu. Angalieni pia tarehe. Mwalimu wa shule binafsi anayeondoka Machi au Septemba, katikati ya muhula, huku barua ikisema "sababu za kifamilia", aulizwe kwa upole ni sababu zipi. Inaweza kuwa msiba kweli. Inaweza pia kuwa mwajiri alichagua kumhamishia tatizo jirani kwa sababu aliogopa kesi, au alitaka tu amalizane naye. Uhamisho wa kimya namna hii unaumiza watu wengi zaidi kuliko kumwajiri kwa uwazi mtu aliyekosea, kwa kuwa kila kituo kipya kinaanza naye bila kujua lolote.

Andikeni majibu palepale, pamoja na jina la aliyejibu, tarehe na saa. Waajiri wawili wanatosha. Mmoja hatoshi, kwani naye anaweza kuwa ndiye mwenye chuki.

Kumsikiliza mwombaji

Kama kuna jambo lililothibitika au madai mazito, mwiteni kwa mazungumzo ya pekee, mbali na usaili wa kawaida. Wajumbe watatu, angalau mmoja mwanamke, dakika 30. Mwambieni kabla kitakachozungumzwa. Kumvizia hakuleti ukweli, kunaleta mtu aliyefunga mdomo.

Sikilizeni vitenzi. Anayesema "nilimpiga kofi", "nilimtumia meseji usiku alipokuwa ameniambia niache", anakijua alichokifanya. Anayesema "kulitokea kutoelewana" au "yule dada alikuwa na lake" bado yupo palepale. Mwulizeni mwombaji pia ilikuwaje baadaye kwa aliyeumizwa: aliacha kazi? Alirudia mwaka? Asiyewahi kujiuliza hilo hajamaliza.

Huku kwetu mara nyingi mtasikia: "Hayo yalikuwa kabla sijaokoka." Kuokoka ni kati yake na Mungu wake, na kamati haina mizani ya kupima jambo hilo. Ombeni kinachoonekana. Amesimamia watu tangu wakati ule, na nani kati yao anaweza kuulizwa? Kama pombe ilihusika, ameacha tangu lini, na nani anaishi naye karibu? Adhabu aliyopewa aliitumikia yote? Ushuhuda wa kanisani wenye machozi umewahi kuwapitisha watu ambao simu moja ingewazuia.

Kupima

Wekeni mezani mambo haya: ukubwa wa kitendo, kama kilirudiwa, umri wake, tofauti ya mamlaka kati yake na aliyeumizwa, muda uliopita, na alichofanya tangu hapo. Kurudiwa kuna uzito kuliko muda. Watu watatu waliolalamika katika vituo viwili tofauti ni tabia, hata kama miaka minane imepita.

Vipimo tunavyopendekeza ni hivi. Ugomvi au matusi ya mara moja kati ya watu wa ngazi sawa, bila kurudiwa kwa miaka mitatu: asiwekewe kizuizi chochote. Bosi aliyewaonea walio chini yake: aajiriwe kwa utaalamu wake bila kusimamia mtu kwa miezi 12, kisha uamuzi uangaliwe upya. Aliyethibitika kumsumbua kijinsia aliye chini yake: asipewe nafasi yenye maamuzi juu ya ajira, alama au malipo ya mtu kwa angalau miaka mitano, na baada ya hapo kwa masharti. Aliyemdhuru mtoto kingono akiwa mlezi au mwalimu wake: asirudi kamwe kwenye kazi yenye watoto, iwe ualimu, bweni, basi la shule au jikoni. Katika hilo la mwisho hatuoni cha kujadili, na huruma ya bodi haina nafasi.

Kuna jambo linalosahaulika sana. Ulizeni kama aliyeumizwa, au ndugu yake wa karibu, tayari yuko kwenye taasisi yenu. Mbeya na Iringa ni miji ambayo watu hukutana. Kama yupo, aambiwe kabla mwajiriwa mpya hajaripoti kazini, na apangiwe mkuu tofauti, zamu tofauti na njia ya kulalamika isiyopita kwa huyo mgeni. Yeye hana kura ya turufu juu ya ajira, lakini kumkuta mtu yule getini Jumatatu asubuhi bila taarifa ni kumuumiza mara ya pili, na mara hii mwenye kosa ni taasisi.

Masharti yanayofanya kazi

Sharti zuri lina kitendo, muda na msimamizi. "Awe na mwenendo mzuri" si sharti. "Hatafanya kikao na mwanafunzi mmoja akiwa amefunga mlango, hatakuwa zamu ya bweni, makamu mkuu wa shule atapitia daftari la malalamiko naye mwezi wa 3, wa 6 na wa 12" ni sharti. Liingie kwenye mkataba na alitie saini. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinataka kipindi cha majaribio kisizidi miezi 12, kwa hiyo hapo mna muda wa kutosha kuona.

Wanaojua wawe wachache: mkuu wa taasisi, msimamizi wake wa moja kwa moja, na anayepokea malalamiko. Mkiwaambia wote, mmemfunga mtu kengele shingoni. Mkimwambia mmoja tu, akihama sharti limekufa naye, na mwaka unaofuata kamati nyingine itampandisha cheo bila kujua. Wekeni nakala kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya faili lake, na kwenye jalada la nje iandikwe tu "Muone mkuu kabla ya kupandisha cheo". Sharti liwe na tarehe ya kufikia mwisho. Lisilo na mwisho ni adhabu, nanyi si mahakama.

Faili la aliyekosa kazi litunzwe miezi 12 kisha lichomwe au lifutwe. Barua ya kumkatalia iseme kwamba hakufanikiwa kwa nafasi ile. Akiuliza sababu, ajibiwe ukweli uliomhusu, kwa mdomo na kwa kumbukumbu fupi ya maandishi. Kuwapigia waajiri wengine ili "kuwatahadharisha" ni kosa, na kunaweza kuwafikisha mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Yakijulikana akiwa tayari kazini

Video inasambaa usiku, asubuhi bodi inataka afukuzwe kabla ya chai. Tulieni. Angalieni kwanza fomu: kama alisaini "hapana" na ukweli ni "ndiyo", mna kosa la uongo, ambalo ni rahisi kulithibitisha kuliko tukio la miaka sita iliyopita. Kama hakuulizwa, swali ni moja: nafasi aliyo nayo sasa inampa mamlaka yaleyale? Ikimpa, mwondoeni kwenye sehemu hiyo kwa muda, akiwa na mshahara wake, wakati mnachunguza.

Kikao cha nidhamu kinahitaji tuhuma za maandishi, angalau saa 48 za kujiandaa, na haki ya kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Mwenyekiti asiwe yule aliyesambaza video. Anayeachishwa ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, na huko waajiri wengi hushindwa kwa utaratibu ingawa sababu walikuwa nayo.

Kwa mwombaji mwenyewe

Kama historia ni yako, itaje kabla hujaulizwa, kwa mistari mitano: ulifanya nini, lini, adhabu ilikuwa nini, umefanya nini tangu hapo, nani wa kuulizwa. Usiandike kurasa tatu. Omba nafasi isiyokurudisha kwenye mamlaka yaleyale, na useme wazi kwamba umeichagua kwa sababu hiyo. Beba nakala ya uamuzi wa nidhamu kama unayo. Aliyeileta mwenyewe huaminika kuliko aliyeisubiri ifukuliwe.

Usimtafute uliyemuumiza ili akuandikie barua ya kukusafisha. Kwake huo ni usumbufu mpya, na kamati makini ikiiona barua hiyo itajiuliza ulimpataje na ulimwambia nini. Kama una deni la kuomba radhi, liombe kupitia mtu anayemwamini yeye, bila kutaja kazi unayoitafuta, na asipojibu, acha.